Shauri Moyo kwa msafiri mwenye masikio

Karibu na mji wa Gabrovo, katikati ya Bulgaria, kuna makumbusho ya wazi yanayoitwa Etar. Yalifunguliwa mwaka 1964. Kijito kinachoshuka mlimani huzungusha magurudumu ya mbao, nayo magurudumu huendesha msumeno, vinu na mitambo ya kukanda vitambaa vya sufu. Kando yake zimepangana karakana za mfua shaba, mfinyanzi, fundi wa visu na fundi wa kengele za mifugo. Wageni hulipa kiingilio, husimama mlangoni kuitazama nyundo ikipanda na kushuka, kisha hununua kengele na kwenda zao wakisema wameiona Bulgaria.

Wana haki ya kusema hivyo. Majira ya baridi, na siku za kabla ya Kwaresima, wanaume wa vijiji vingi vya Bulgaria hujifunga kengele kiunoni, wakavaa ngozi na vinyago vya kutisha, wakazunguka kijiji kufukuza pepo wabaya na kuutakia mwaka mavuno mema. Huitwa kukeri. Mlio wa kengele zao ndio mila yenyewe. Fundi akikosekana, kijiji kitacheza kimya.

Nairobi tunao mafundi wa namna hiyo, na hakuna anayekutoza kiingilio. Wako Kamukunji, ubavuni mwa mtaa wa Shauri Moyo, mwendo mfupi wa miguu kutoka Muthurwa. Kabla hujawaona utawasikia: mamia ya nyundo zikigonga bati, kila moja na mwendo wake, tangu asubuhi hadi jua linapozama. Mgeni wa kwanza huziba masikio. Akikaa kidogo huanza kutofautisha: pale wanakunja ukingo wa karai, kule wanapasua pipa, huku mtu anapiga ribiti kwenye kipini. Fuawe za wengi wao ni vipande vya reli.

Yeyote aliyesoma shule ya bweni nchini anaijua kazi ya mafundi hawa hata kama hajawahi kuwaona. Kila Januari wazazi humiminika Kamukunji kununua sanduku la bati lenye vipini viwili na mahali pa kutia kufuli. Kwa miaka mingi lilikuwa sanduku la kidato cha kwanza. Sasa ni la Gredi ya 10. Mama hulikagua kwa ndani, hupitisha kidole kwenye kona kutafuta ncha itakayomkata mtoto, hufunga na kufungua mara kadhaa, ndipo huanza kuteta bei. Jina la mtoto litaandikwa juu ya kifuniko kwa rangi. Ndani zitaingia sabuni, shuka na barua ya shule, na kwa wengi ufunguo wa kufuli hilo ndio wa kwanza maishani kuwa wao peke yao. Nikiulizwa na mgeni nimwonyeshe mila moja ambayo Mkamba, Mluhya, Mjaluo, Mkikuyu na Msomali wa Kenya wote wanaishiriki, nitamleta hapa wiki ya kwanza ya Januari.

Kazi iliyolitangaza jina la Shauri Moyo mbali zaidi, hata hivyo, ni jiko. Inasimuliwa kuwa jiko la makaa la bati lilikuja na Wahindi waliojenga reli, na mafundi wa Kiafrika wakajifunza kulitengeneza kwa kutazama na kujaribu. Lilikuwa rahisi na jepesi, ila lilikula makaa: joto jingi lilipotelea kwenye kuta zake nyembamba, na aliyelikaribia alijiunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, makaa yalipokuwa yakipanda bei na misitu ikiisha, wahandisi na wabunifu, akiwamo Max Kinyanjui, walikaa na mafundi wa Shauri Moyo kutafuta jiko jipya. Wazo la kuweka udongo wa kuchoma ndani ya bati lilitoka Thailand. Kulifanya wazo hilo liishi Nairobi ilikuwa kazi ya mikono ya hapa.

Liangalie vizuri ukifika. Kiuno chake chembamba hakikuwekwa kwa urembo. Sehemu ya juu inapanuka ili ishike kauri, na kauri inaishia kiunoni, hivyo jiko haliwi zito kupita kiasi. Sehemu ya chini inapanuka tena ili jiko lisianguke mwanamke anaposonga ugali kwa nguvu zote. Mlango mdogo wa bati huongeza au kupunguza hewa. Fundi wa bati hatengenezi kauri. Hiyo huja kutoka kwa wafinyanzi, ikashikizwa kwa saruji. Jiko hili hupunguza makaa kwa kiasi cha thuluthi na zaidi, na umbo lake limeigwa katika nchi nyingi za Afrika. Hapa hutaona sanamu ya ukumbusho wala kibao cha shaba kinachosema lilianza wapi. Utayaona majiko yenyewe, yamepangwa kwa mamia, mengine bado yananuka rangi.

Wasomi walikuja mapema kuliko watalii. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya iliyoibadilisha dunia katika namna ya kuwatazama watu kama hawa: badala ya kuwahesabu miongoni mwa wasio na kazi, iliwahesabu kuwa wazalishaji. Mtafiti Kenneth King aliwafuata mafundi wa Kenya kwa miaka mingi na kuandika vitabu viwili juu yao, kimoja mwaka 1977 na kingine mwaka 1996. Serikali nayo ilichelewa. Ni katikati ya miaka ya 1980 ndipo Rais Moi alipofika Kamukunji, akawaona wakifanya kazi juani, na vibanda vyenye paa vikajengwa. Tangu hapo eneo limejaa hadi njiani.

Kuna adabu ya kuingia hapa. Salimu kwanza. Ukiitwa "kastoma", itika, hata kama hutanunua. Usimpige fundi picha akiwa ameinama kazini bila kumwomba ruhusa. Wengi watakubali ukiuliza, na wengi watakasirika usipouliza. Nunua kitu, hata mkebe wa kupimia unga. Wala usishangae ukimsemesha mzee akakuinamishia sikio. Miaka ya kelele hizi huharibu masikio, na ni wachache wanaovaa kinga. Jambo hilo linaniuma kila nipitapo, kwa sababu kinga ya masikio ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na fundi mmoja.

Sasa toka kwenye nyundo uingie mtaani. Shauri Moyo ni mtaa uliozaliwa na bomoabomoa. Mapema katika karne ya ishirini, Waafrika wa Nairobi walijijengea vijiji vyao wenyewe pembezoni mwa mji, na kimojawapo kilikuwa Pangani. Kilikuwa kijiji cha nyumba za udongo na mapaa ya madebe yaliyopasuliwa, chenye Waislamu wengi, chenye watu wa makabila mbalimbali waliokubaliana kuishi Kiswahili. Wakoloni hawakupenda Mwafrika awe na nyumba yake mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa, na baraza la mji likajenga Shauri Moyo kuwapokea waliohamishwa. Tofauti ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa: Pangani mtu alikuwa na nyumba yake, huku nyumba zilikuwa za baraza. Mwenye nyumba wa jana akaamka mpangaji.

Pumwani, jirani wa upande wa kaskazini, ilikuwa na bahati tofauti kidogo. Ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na watu waliruhusiwa kujijengea kwenye viwanja vya baraza. Nenda Majengo, humo humo Pumwani, utazame nyumba za zamani zilizobaki: mlango wa mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Mtu wa Pwani ataitambua ramani hiyo mara moja. Wengi wa waliojenga nyumba hizo walikuwa wanawake, waliotafuta fedha kwa kila njia katika mji ambao haukuwataka, wakaziweka kwenye kuta na mapaa. Mwanahistoria Luise White aliwasikiliza walipokuwa wazee na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, imewapokea watoto wengi wa Nairobi kiasi kwamba ukikaa na watu kumi wa mji huu huenda ukawakuta wawili watatu waliozaliwa humo.

Hapo ndipo napenda kuirudia Bulgaria, kwa sababu Wabulgaria wana taasisi ambayo naitamani. Wanaiita chitalishte. Za kwanza zilianzishwa mwaka 1856 katika miji ya Svishtov, Lom na Shumen, wakati nchi yao ilikuwa bado chini ya Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, utawala uliodumu karibu karne tano. Watu wa mji walichanga wenyewe, wakapata chumba cha vitabu na magazeti, kisha jukwaa la maigizo, kisha kwaya, kisha darasa. Wasiojua kusoma walisomewa. Chitalishte bado zipo kila pembe ya nchi, ziko hai, wazee hufundisha ngoma na vijana hufanya mazoezi ya muziki humo, na mwaka 2017 UNESCO ilizitambua kuwa mfano mwema wa kuhifadhi utamaduni. Msafiri anayeingia kwenye chitalishte jioni atajifunza mengi kuliko anayemaliza kutwa kwenye kanisa kuu.

Sisi nasi huku Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, tuna majumba ya kijamii. Asili yake ilikuwa nyingine: aliyeyajenga ni mkoloni, akitaka Mwafrika apate mahali pa kucheza dansi na kusahau siasa. Pumwani ilipata Memorial Hall katika miaka ya 1920. Lakini watu waliyageuza. Walicheza dansi kweli, kisha wakafunga mlango na kuzungumza.

Jumba muhimu kuliko yote liko Kaloleni, ng'ambo ya Jogoo Road. Mtaa wenyewe ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa kazi ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano, nyumba za mawe zikizunguka viwanja vya nyasi na miti, na jumba la kijamii likiwa kitovu. Tarehe 23 Aprili 1950, Kenya African Union na East African Indian National Congress walifanya mkutano wa pamoja hapo. Makhan Singh, mwana wa Punjab na kiongozi wa wafanyakazi, alisimama akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, bila kungoja. Leo tunaona ni jambo la kawaida kudai. Mwaka 1950 lilikuwa jambo la kufungwa. Siku ishirini na mbili baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Fred Kubai walikamatwa, na kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Walitaka viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100. Mwezi mmoja na nusu tu kabla ya hapo, tarehe 30 Machi, Nairobi ilikuwa imetunukiwa hadhi ya jiji, na vyama vya wafanyakazi vikawataka watu wao wasisherehekee: jiji la nani, waliuliza, wakati wanaolijenga wanalala wanane chumbani? Makhan Singh hakuwa huru tena hadi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja.

Wabulgaria wana mahali pao pa namna hiyo. Mji mdogo wa Koprivshtitsa, milimani, ndiko uasi wa Aprili 1876 ulikoanzia. Ulizimwa kwa ukatili katika majuma machache, na mauaji ya Batak yaliishtua Ulaya, lakini miaka miwili haikuisha kabla Bulgaria haijawa huru tarehe 3 Machi 1878. Nyumba za Koprivshtitsa, zilizopakwa buluu, njano na nyekundu, zimehifadhiwa pamoja na daraja ambapo inasimuliwa risasi ya kwanza ilipigwa. Watoto wa shule hupelekwa huko. Kila baada ya miaka kadhaa, tangu 1965, waimbaji na wacheza ngoma wa nchi nzima hukusanyika kwenye majani juu ya mji ule. Daraja lenyewe ni dogo, mtu angelipita bila kuligundua kama hakuna aliyemweleza. Ndivyo ilivyo Kaloleni: ukumbi wa kawaida kwa macho, na kama hujui kilichosemwa ndani utaupita ukienda mpirani.

Nchi hizi mbili ziliwahi kukutana kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Kiafrika, Wakenya wakiwamo, walipata nafasi za masomo katika nchi za kikomunisti za Ulaya. Bulgaria iliwapokea wengi, lakini tarehe 12 Februari 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana barabarani Sofia. Walilalamikia ubaguzi na kunyimwa kibali cha chama chao. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, na wengi wa wanafunzi hao wakaondoka nchini. Msafiri Mwafrika anayekwenda Sofia leo na aende akilijua hilo pia, kama vile Mbulgaria anayefika Eastlands anavyopaswa kujua kuhusu 24 Aprili 1954, siku wanajeshi wa Kiingereza walipoizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwachukua maelfu kwa maelfu ya watu kutoka mitaa hii hadi kambini. Mitaa miwili jirani, Mbotela na Ofafa, inabeba majina ya Waafrika wenye vyeo waliouawa katika miaka hiyo hiyo, Tom Mbotela akiwa wa kwanza mnamo Novemba 1952. Historia ya hapa ina makaburi ya pande zote, na mwenyeji mkweli atakutajia yote.

Njaa ikikubana, nenda Burma. Soko hili la nyama, karibu na uwanja wa City ambao sasa una jina la Joe Kadenge, hukumbusha askari wa Kiafrika waliopigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Miongoni mwa waliopelekwa vitani alikuwa Fundi Konde, na bendi ya burudani ya jeshi. Aliporudi akawa mmoja wa mababa wa muziki wa dansi wa Kenya. Unachagua kipande chako buchani, kinapimwa mbele yako, kinachomwa, kinakatwakatwa kwenye ubao, na kinakuja na kachumbari na ugali. Siku ya mechi ya Gor Mahia kukaa ni kwa kugombea. Nyama na maongezi huja pamoja. Usiwe na haraka. Na ukikaa meza moja na mzee, mwache aanze yeye.

Kuhusu majira: Januari ni ya masanduku, nimesema. Februari ina neema yake kwa anayetazama juu. Korongo weupe, ndege wanaojenga viota vyao juu ya nguzo na mabomba ya moshi katika vijiji vya Bulgaria, hupitia Uturuki na bonde la Nile wakakimbilia joto la Afrika, na Kenya iko njiani mwao. Wanaporudi kaskazini, Wabulgaria wanawangojea kwa hamu. Tarehe 1 Machi watu wa huko hufungiana mikononi nyuzi nyekundu na nyeupe ziitwazo martenitsa, na hawazivui hadi wamwone korongo wa kwanza au mti uliochanua. Kwa hiyo ndege anayemvua mtoto wa Plovdiv uzi wake huenda mwezi uliotangulia alikuwa anakula panzi kwenye nyasi za mbuga ya Nairobi.

Limebaki jambo moja zito. Mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu umefika Shauri Moyo, na mipango ya kuijenga upya Eastlands inazungumzwa kwa miaka sasa. Sipingi nyumba mpya. Watu wamekaa muda mrefu mno katika vyumba vyenye mabomba yaliyooza na mapaa yanayovuja, na hakuna anayestahili kulala pabaya ili mtalii apate picha. Ninachodai ni kwamba tusibomoe kama Pangani ilivyobomolewa, bila kuandikisha chochote. Wajukuu wa watu wa Pangani bado wapo mtaani. Wengine wana karatasi za kodi za babu zao, wengine wana picha za harusi zilizopigwa mbele ya milango ya mtaa huu, wengine wana majina tu: nani alikaa nyumba ipi, nani aliuza maandazi pembe ile, nani alichukuliwa usiku wa Anvil na hakurudi.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa turathi inayolindwa. Itumike Kaloleni kwa ukumbi. Itumike Shauri Moyo kwa angalau safu moja ya nyumba za zamani, na chumba kimoja cha safu hiyo kiwe na rafu, meza na mtu wa kupokea karatasi na picha hizo na kurekodi sauti za wazee. Watu wa Svishtov walianza na chumba kimoja mwaka 1856. Mafundi wa kutengeneza rafu tunao, hatua mia tatu kutoka hapo, na wataimaliza kwa siku moja.